Kaseti ya Baba

Ninyi mliohamishwa kama sisi, nyumba yetu ilipovunjwa sababu ya mgodi, mama alibeba masufuria, mimi nikabeba kaseti ya baba: *La Légion saute sur Kolwezi*, filme ya Raoul Coutard ya mwaka 1980, juu ya vita vya Mei 1978. Imenakiliwa mara nyingi mpaka nyuso zimekuwa ukungu. Ng'ambo, wapenda filme wanatafuta mikanda ya milimita 35 iliyoonyeshwa katika sinema, wanainakili kwenye kompyuta, picha inatoka safi. Ningependa na hii ipate bahati hiyo.

Ila mjue, ilipigwa Guyane ya Ufaransa, si hapa. Baba alijua. Hata hivyo alikuwa akisimamisha kaseti, akitafuta barabara yetu.