Miaka Yangu na Viongozi Wapya

Wanakijiji walipomaliza kupiga kura, kazi yao ilikuwa imekwisha na yangu ndiyo ilikuwa inaanza. Mtendaji wa kijiji ni katibu wa halmashauri ya kijiji: huandaa ajenda, huandika muhtasari, husimamia yaliyoamuliwa. Barua yangu ya ajira haikusema popote kwamba nitatumia jioni nyingi nimekaa na mwenyekiti ambaye wakati wa kampeni sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde, na ambaye sasa ameshika faili moja la mgogoro wa mpaka na hawezi kusema ndiyo wala hapana. Hata hivyo, hiyo ndiyo kazi iliyokula miaka yangu, kwanza nikiwa mtendaji wa kijiji, baadaye mtendaji wa kata, katika vijiji vya Rungwe vinavyotazama mlima. Sasa nimestaafu, nakaa Kawetele hapa Tukuyu. Wajukuu wakiniuliza bibi ulifanya kazi gani serikalini, nawajibu kwamba niliwasaidia viongozi wapya kuamua.

Kabla ya serikali nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani mabichi ya chai. Anayeijua chai ya Rungwe anajua kituo kinavyokuwa siku ya kuchuma: akina mama wameshusha vikapu, mvua inanyunya, lori la kiwanda halijafika. Jani likishachumwa halisubiri mtu. Likirundikwa linapata joto, linageuka rangi, na chai yake haiwi chai. Kwa hiyo karani anasema palepale: kikapu hiki kinapita, hiki kina majani makomavu, kachambue. Na unayemwambia akachambue ni rafiki wa mama yako mzazi. Nilikuwa nasema, "Shikamoo mama. Haya siyapokei, tunataka majani mawili na kichipukizi." Ananuna, anachambua, anapimiwa, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Nilijifunza pale kwamba mtu anakubali kukataliwa akiambiwa mapema, akiambiwa kwa heshima, na akiona kipimo chake ndicho cha jirani yake. Ujuzi huo nilikuja kuutumia kuliko semina yoyote niliyohudhuria.

Kusuasua kwa kiongozi mpya kuna dalili zake, na mtendaji mzoefu huzisoma kwenye ajenda. Jambo gumu huwekwa kwenye "mengineyo", mwisho kabisa wa kikao, watu wamechoka na ng'ombe bandani hawajakatiwa majani. Kikao kinachofuata linatokea kwenye "yatokanayo", linasomwa, linaahirishwa. Kisha inaundwa kamati ndogo. Kisha tunaambiwa tunasubiri maelekezo kutoka juu, wakati huko juu hakuna aliyeandikiwa barua. Nimewahi kufungua daftari la mihtasari nikakuta jambo moja likihama kutoka kikao hadi kikao tangu mwenyekiti aapishwe, na pembeni watu wenye shida hiyo wameshahamia mashamba ya mabondeni Kyela.

Wakufunzi wengi waliokuja kutusaidia baada ya kila uchaguzi waliamini tatizo ni kutojua sheria. Mafunzo yao yalikuwa mema na nayashukuru. Lakini nimefanya kazi na mwenyekiti aliyeweza kutaja bila karatasi kwamba halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, kwamba mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kwamba unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na bado akanyamaza uamuzi ulipofika mezani. Kilichomfunga mdomo ni nyuso. Huku kwetu mashamba yamebanana, mgomba wa huyu unaangukia kahawa ya yule, na karibu kila shauri lina mjomba ndani yake. Waziri akiamua jambo Dodoma, hakutani kesho yake na aliyeumia. Mwenyekiti wa kijiji anakutana naye kabla hajafika nyumbani.

Nitaeleza shauri moja kwa kirefu, maana ndani yake mna karibu kila nilichowahi kufundisha.

Mwenyekiti alikuwa kijana, fundi seremala, amechaguliwa katika uchaguzi wa Desemba 2014. Kijiji kilikuwa na chemchemi iliyokuwa inapungua. Rungwe ni nchi ya mvua. Mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inatoka kwenye milima hii na kumwaga maji Ziwa Nyasa, kwa hiyo chemchemi ikipungua huku watu wanashtuka kweli. Juu yake kulikuwa na shamba la milingoti, mali ya mjomba wake mwenyekiti, mzee aliyemlipia ada ya ufundi. Akina mama walilalamika. Halmashauri ikakaa, ikaahirisha, ikakaa tena, ikaahirisha.

Nilimfuata kwenye karakana yake, nikamsubiri amalize kuranda ubao, nikamuuliza, "Mwenyekiti, uamuzi gani hasa unakuelemea?"

"Kukata miti ya mjomba, Mama Mtendaji."

"Huo si wako. Ulishaamuliwa."

Nikamfungulia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji na kingo za mto. Bunge lilishapitisha. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuiruhusu milingoti ile hata akitaka, na kwa sababu hiyo hana haja ya kubeba mzigo wa kuikataza. Tukachukua daftari, tukagawa ukurasa. Upande mmoja tuliandika yaliyokwisha kuamuliwa na sheria. Upande wa pili yaliyo ya halmashauri: mzee apewe muda gani, avune nguzo mwenyewe auze au vipi, miti gani ya asili ipandwe badala yake na miche itoke wapi. Chini kabisa tuliandika yaliyobaki kuwa ya mwenyekiti peke yake. Lilibaki moja: nani atamwambia mzee, na lini.

Kijana akalitazama lile daftari muda mrefu. Wiki kadhaa alikuwa amebeba shauri zima kichwani kama kitu kimoja, na kumbe sehemu yake ilikuwa kutembea hadi nyumba ya pili.

Alikwenda alfajiri, kabla ya kikao. Mimi sikumsindikiza, na nilikataa nilipoombwa, maana mzee angeona ameletewa serikali mlangoni. Baadaye alinieleza kwamba alisalimia, akakaa chini kama mtoto wa nyumbani, akasema, "Tata, kesho halmashauri itaamua kuhusu chemchemi. Nimekuja uisikie kwangu." Mzee alinyamaza, kisha akauliza kama atapewa muda wa kuuza nguzo. Alipewa mpaka mwisho wa kiangazi. Siku ya kupima alishika ncha ya futi kamba kwa mkono wake mwenyewe. Muhtasari uliandikwa sentensi moja: kinachofanyika, anayekifanya, tarehe ya mwisho. Nilikataza neno "ila" katika sentensi hiyo, na nimelikataza katika kila kijiji nilichofanyia kazi, kwa sababu nimeona maamuzi mengi mazuri yakifa kwenye "ila".

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, hotuba yake iliitwa Kupanga ni Kuchagua. Nilikuwa nawakumbusha wenyeviti jina hilo kila tulipofika kwenye bajeti, maana bajeti ya kijiji ndipo mahali pengine wanapokwama. Boma la zahanati na boma la darasa yote yamesimama bila paa, fedha ni ya paa moja, na kiongozi mpya anataka kununua nusu ya mabati huku na nusu kule ili asimuudhi mtu. Mvua ya Rungwe haijali nia yake njema. Baada ya mwaka mmoja kuta za maboma yote mawili zinaota kuvu. Kugawanya namna hiyo ni kukwepa kuamua, na nilikuwa nawaambia hivyo bila kuzunguka.

Wapo viongozi wapya wasiochaguliwa kwa kura, nao hupata kigugumizi kilekile. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kutumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, katika mapambano dhidi ya athari za UVIKO-19. Sehemu yake ilikwenda kujenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20, wanafunzi waingie Januari. Nilikuwa mtendaji wa kata. Tulitumia utaratibu wa fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa, inatafuta fundi, na kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mkuu wa shule moja alikuwa binti aliyeteuliwa muda mfupi uliopita. Mwalimu hodari. Saruji ilifika, ikapangwa stoo, na msingi haukuanza.

Palikuwa na viwanja viwili ndani ya eneo la shule. Cha chini kilikuwa karibu na barabara, lori linafika. Cha juu kilihitaji kusawazishwa. Kila aliyempigia simu alikuwa na maoni, naye aliyasikiliza yote kwa adabu. Novemba ilikuwa imeingia, mawingu yamekaa mlimani, mafundi wote wa wilaya wanagombaniwa na shule zote kwa wakati mmoja.

Nilimuuliza swali ambalo kufikia hapo nilikuwa nalo mkononi kila siku: "Mwanangu, ni taarifa gani ukiipata leo utachagua?" Kwa wengine jibu huwa hakuna. Wanachosubiri ni ujasiri, na ujasiri hauji kwa kusubiri. Hao nawapa tarehe na kukaa nao mpaka tarehe ifike. Yeye alikuwa na jibu. Alitaka kujua kama kiwanja cha chini kinatuamisha maji. Mvua ilipokatika siku ileile tulivaa mabuti, tukashuka na fundi na mjumbe wa kamati. Maji yalikuwa yamesimama mpaka kwenye kifundo cha mguu. Tulipopanda kurudi ofisini alikuwa ameshamwelekeza fundi achimbe juu. Kusawazisha kuliongeza kazi, na wazazi walikuja na majembe.

Sitaki kueleweka kwamba haraka ndiyo uongozi. Yapo mambo ambayo sheria yenyewe imeyapunguza mwendo kwa makusudi, na ardhi ni la kwanza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu. Nimeona mwenyekiti mpya akibanwa na mgeni mwenye gari zuri anayetaka jibu kabla ya jua kuzama. Hapo nilimfundisha kusema "bado", na kuweka tarehe ya mkutano mkuu kwenye ubao wa matangazo jioni ileile. "Bado" yenye tarehe ni uamuzi kamili. Isiyo na tarehe inamwachia mgeni nafasi ya kurudi usiku kwa mjumbe mmojammoja.

Wanyakyusa wa zamani wa huku walilichukulia jambo la kumwachia kiongozi mpya aamue kwa uzito kuliko sisi. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameandika kuhusu ubusoka, sherehe ambamo kizazi cha wazee kilikabidhi nchi kwa vijana wao. Mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukawashwa. Wazee walikuwa bado hai, wanaona, na walipisha. Nimefikiri sana kuhusu hilo kila nilipoona mwenyekiti wa zamani akikaa kiti cha mbele katika kikao cha mrithi wake na kumjibia maswali. Mara nyingi nilimwomba mzee wetu, kwa heshima zote, ahamie benchi la nyuma. Wengi walihama. Kijana akibaki bila wa kumtazama, anaanza kujibu.

Na sisi watendaji tumo katika shauri hilo. Mwenyekiti asipoamua, kijiji hakibaki bila uamuzi. Huamua mtendaji, au mwenye duka kubwa, au mwenye sauti kali kikaoni, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepigiwa kura. Hii ndiyo sababu nililishikilia jambo hili miaka yote. Kila mara nilipomaliza shauri kwa niaba ya mwenyekiti, hata kama lingeisha vizuri, wananchi waliopanga foleni kumchagua wangekuwa wamenyang'anywa kitu chao. Kwa hiyo nilirudisha faili. Nililirudisha hata usiku, hata wilaya ilipokuwa inapiga simu, nikakaa pembeni yake na daftari mpaka aandike sentensi yake.

Wenyeviti waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 sasa wako kazini, na wachache hupita hapa Kawetele kunisalimia. Kwenu watendaji vijana mnaoandika mihtasari yao naomba jambo moja. Katika kikao kijacho, toeni lile jambo gumu kwenye mengineyo, liwekeni ajenda ya kwanza baada ya kuthibitisha akidi, kisha mwacheni mwenyekiti aseme.