Majani Tunayoyatia Kiberiti

Katika maduka ya samaki wa mapambo huku Hamburg, majani makavu ya mkungu yanauzwa. Ndiyo, mkungu uleule wanaokaa chini yake wacheza bao wa pwani, ambao kungu zake watoto huzigonga kwa mawe wapate kokwa. Majani kumi hutiwa kwenye mfuko wa plastiki na bei yake ni euro kadhaa. Kule Tanga, dada yangu anayafagia kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa, anayakusanya chungu moja karibu na uzio na kuyachoma.

Wanunuzi ni sisi tunaofuga uduvi. Hawa ni uduvi wa maji baridi, wekundu, asili yao Asia ya Mashariki, na urefu wao ni sentimita 2 hadi 3. Wataalamu huwaita Neocaridina davidi. Najua msomaji wa pwani keshawaza nazi na ndimu. Dada naye aliniuliza wataliwa lini, na nilipomjibu kwamba hawaliwi, akanyamaza kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa.

Jani la mkungu likitumbukizwa kwenye tangi huelea kidogo, kisha huzama na kuyapa maji rangi ya chai ya rangi. Siku zikipita hutanda utelezi juu yake, bakteria na kuvu, mwembamba kiasi kwamba huuoni mpaka uuguse. Hapo uduvi wanakuja. Mmoja hujishikiza kwa miguu ya nyuma, na vikucha vyake vya mbele, vyenye vinyweleo mfano wa brashi, vinachota na kupeleka mdomoni, kulia, kushoto, kulia, bila kituo. Kwanza anakula kile kinacholila jani. Jani lenyewe huja baadaye, likishalainika, mpaka ubaki wavu wa mishipa mitupu.

Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, sumu nyingine, kisha naitreti, ambayo mimea ya majini huinyonya ikakua. Bakteria hao huchukua takribani wiki 4 hadi 6 kukaa sawasawa, ndiyo maana mfugaji mwenye subira huweka tangi lenye maji na mimea peke yake kwanza, wageni wakamshangaa. Na kinachoua uduvi wengi ni mkono mwepesi wa kulisha. Chakula kilichozidi huoza, amonia hupanda, na asubuhi unakuta maiti. Ukiwalisha wale bakteria, uduvi watajilisha. Shambani ni hivyohivyo: anayelishwa ni udongo, na udongo ndio unaoulisha mpapai.

Wazungu wana jina la kilimo cha namna hii, permakalcha, na kimeenea duniani kupitia Bill Mollison na David Holmgren wa Australia, waliotoa kitabu chao cha kwanza mwaka 1978. Huku watu hulipia kozi. Mchaga wa Kilimanjaro hakungoja kozi. Kihamba chake kina miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa kivulini mwa migomba, magimbi chini kabisa, na maji yanaletwa na mfereji kutoka mlimani. Ng'ombe yuko bandani, analetewa majani na vigogo vya mgomba, na samadi yake inarudi shinani. Mwaka 2011 FAO ilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kwa hiyo somo ninalolipata kwenye tangi halikutoka Ulaya.

Wala Wajerumani wasijione. Ifikapo Oktoba, bustani za mjini hujaa kelele za mashine za kupuliza majani, yanasombwa yote, na masika ikija watu wananunua magunia ya udongo wenye mboji. Tofauti ni kwamba hawayachomi. Ukichoma, naitrojeni karibu yote inakwenda na moshi. Kwenye jivu unabaki na potasiamu na kalisi, si haba, lakini chakula cha wadudu wa udongoni kimekwisha.

Nilipomweleza dada haya kwa simu, alinijibu: "Mdogo wangu, nyoka akimng'ata mtoto, utakuja wewe kutoka Ulaya?" Hoja yake ina nguvu. Uwanja uliofagiwa unamwonyesha nyoka mapema, na mwenye nyumba hasemwi na majirani. Kuna mchwa pia, ambao tangi langu halina.

Na lipo jambo ambalo wapenzi wa bustani inayojiendesha hawapendi kulisikia. Marekani kuna matufe ya kioo yaliyozibwa kabisa, ndani yana mwani na uduvi wadogo wa Hawaii. Wanaweza kumaliza miaka humo, ila ni nadra sana kuzaa, wanapungua tu. Tangi langu huishi kwa sababu naongeza jani na maji. Hata kihamba hakijifungi: akina mama wamebeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare hadi juu, na mzigo ule ndio rutuba yenyewe. Ukivuna bila kurudisha, kwa vyovyote utakavyoliita, shamba linachoka.

Tuliafikiana hivi. Uwanja wa mbele unafagiwa kama zamani. Majani yanapelekwa nyuma ya jiko, kwenye shimo lililozungukwa na migomba, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yakituama bure, na ni mbali na kuta ili mchwa wakija wasifike kwenye paa. Yanayobaki ni matandazo ya mipapai, ila yasigusane na shina, yataliozesha. Kiberiti kimebaki kwa ajili ya mifuko ya plastiki, na hilo bado tunabishana.