Kikapu cha Mikate

Oxford, mvua tangu alfajiri. Maktaba ya Bodleian haiwatolei wapita njia kama mimi kitabu cha Plato chenyewe, kwa hiyo nimekitazama kwenye skrini. Sikulalamika. Kila ukurasa ulikuzwa hadi nikaweza kufuata mkono wa mwandishi, herufi moja moja za Kigiriki.

Kitabu chenyewe ni cha ngozi, lakini si ngozi ya viatu. Huloweshwa katika maji ya chokaa, manyoya yakapaliwa, kisha ikawambwa kwenye fremu na kukwanguliwa ingali mbichi. Wawamba ngoma wa kwetu wangeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Hata ikikauka, upande wa manyoya hubaki na umanjano kidogo; wa nyama huwa mweupe zaidi.

Yohana mnakili alimaliza kazi mwaka 895. Bei imeandikwa mwishoni: kunakili sarafu 13 za dhahabu, ngozi sarafu 8. Aliyelipa ni Arethas, shemasi wa Patras, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Kaisaria. Nimempenda huyu. Alitoa sarafu 21, kisha akajaza maelezo yake pembezoni kwa mkono wake mwenyewe. Sisi kitabu cha bei hiyo tungekifungia kabatini, na watoto tukawafukuza.

Kisiwa cha Patmos, siku nne baadaye, kwa meli ya usiku kutoka Piraeus. Monasteri ya Mtakatifu Yohana imekaa juu ya kilima, kuta nene kama za ngome. Imenikumbusha Ngome ya Lamu, ila hii inaitazama bahari kutoka juu sana. Ilianzishwa mwaka 1088, kwa hiyo kitabu kinaizidi umri kwa karibu miaka 200.

Kitabu kimetoka hapa. Mwaka 1801 Mwingereza Edward Daniel Clarke alielewana chini kwa chini na mkuu wa watawa, vitabu vikateremshwa hadi melini ndani ya kikapu: mikate juu, ngozi chini. Bodleian ilikinunua hiki cha Plato mwaka 1809.

Nimekaa ukutani nikawaza Pate, kisiwa kingine cha vitabu. Huko ndiko Mwengo wa Athumani alikotunga Utenzi wa Tambuka, mwaka 1728, juu ya vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi wa Mashariki, walewale wa Arethas, walioandika Kigiriki. Nakala yake moja iko Hamburg. Kwetu iliandikwa kwenye karatasi, chakula cha mchwa, kwa hiyo utenzi uliishi kwa kunakiliwa tena na tena na kuimbwa; nakala ikisafiri, wenyeji hawabaki mikono mitupu. Plato wa ngozi akiondoka, huondoka mzima.

Jioni, bandarini, nimemsimulia mzee muuza mikate habari za Clarke. Amesikiliza hadi mwisho, akafuta unga mikononi, kisha akauliza kama yule Mwingereza alirudisha kikapu.