Sauti ya Pili

Jioni moja mjukuu wangu aliniketisha mbele ya runinga, hapa Kitangari, anionyeshe PlayStation kuukuu aliyoletewa kutoka Dar es Salaam. Mchezo wenyewe ulikuwa X-Men vs. Street Fighter wa kampuni ya Capcom. Mimi, mzee wa vina na mizani, sikuona ila watu wanaopigana mateke.

"Babu," akaniambia, "mchezo huu umekatwa."

Mwaka 1996, akanieleza, ulitoka kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo. Kila mchezaji alikuwa na wapiganaji wawili: mmoja akielemewa, mwenziwe huruka uwanjani papo hapo. Mle picha zote zimo ndani ya chipu, husomwa bila kungoja. PlayStation husoma diski, tena polepole, na kumbukumbu yake kuu ni megabaiti 2 tu. Wapiganaji wanne hawakuenea humo, na pambano haliwezi kusimama likisubiri diski. Basi katika toleo la PlayStation la 1998 kupokezana kukaondolewa. Mwenzi hujitokeza kwa msaada mfupi, kisha hutoweka. Sega Saturn, mwaka uliotangulia, iliudumisha mtindo ule huko Japani kwa kuchomekewa kumbukumbu ya ziada ya megabaiti 4. Jina kuu la mchezo halikubadilika.

Usiku ule sikulala vema.

Miaka kadhaa iliyopita niliuhamisha wimbo wa marehemu mama yetu kutoka Kimakonde hadi Kiswahili. Huku juu uwandani maji yalikuwa ya shida. Wanawake waliteremka bondeni kuyateka. Wimbo ule ulikuwa na sauti mbili: ya wanaoteremka na mitungi mitupu, na ya wanaopanda wakiwa wameelemewa. Wakikutana njiani, sauti hukatizana. Nami nikautia katika tarbia, mizani 16 kila mshororo, kama nilivyofunzwa chuo cha ualimu. Vina vikatiririka, nikajisifu. Sauti ya wanaopanda niliibanza kwenye kibwagizo.

Dada yangu, aliyeibeba mitungi ile, alisikiliza hadi mwisho. "Mdogo wangu," akauliza, "na sisi wenye maji tuko wapi?"

Nilimjibu kwamba Kiswahili hakikuwa na nafasi. Haikuwa kweli. Nafasi ilikosekana katika bahari niliyoichagua mwenyewe, na sikutafuta nyingine kwa kuwa ile ilinipendezesha mbele ya watu.

Sasa nauandika upya kwa ngonjera, mtindo ambao Mathias Mnyampala aliuvumisha. Beti tatu zimekamilika. Dada amekiri kwamba safari hii wanaopanda wanasikika, ila kila upande unangoja mwenzake amalize ubeti, na pale kwenye kona ya njia, asema, hapakuwa na aliyengoja. Kona hiyo bado yanishinda. Malenga aliyewahi kumkatiza msemaji katikati ya mshororo bila kuvunja mizani, tafadhali aniandikie.