Sukari Iliyomo Kwenye Krimu ya Mtoto

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza mnajua baridi ikianza mambo huwaje. Hita inawaka usiku kucha, ngozi za watoto zinapauka, na mwenye pumu ya ngozi anajikuna mpaka shuka linaingia damu. Kila nyumba ina kopo lake la krimu, na kila bibi ana maoni yake.

Mama mkwe wa rafiki yangu alikuja kutoka Tanga kusaidia malezi. Ana kisukari cha miaka mingi. Siku moja mjukuu mkubwa akamsomea maandishi ya nyuma ya kopo la mdogo wake, wakakuta jina linaloishia na "glucoside". Bi mkubwa akalipandisha kopo juu ya kabati. "Sukari imenitosha mimi. Huyu haitampata." Siku tatu mtoto hakupakwa. Rafiki yangu akanipigia: "Dada, njoo uongee na mama. Mimi mkwe siwezi kumbishia."

Nikaenda, nikamwamkia, tukanywa chai kwanza, yake bila sukari. Nikamuuliza: mama, tui likikaa huwaje? Akasema mafuta hupanda juu, maji hubaki chini. Basi krimu nayo ingekuwa hivyo bila kitu cha kushikanisha maji na mafuta, kiitwacho emalsifaya. Hiyo ya kopo lile hutengenezwa kwa kuunganisha glukosi, ambayo huweza kutoka kwenye wanga wa mahindi, na alkoholi ya mafuta, kama yale ya mawese. (Alkoholi hiyo si pombe, kwa mnaouliza kuhusu swala. Ni kitu kigumu cheupe kama nta.) Upande wa sukari hushika maji, upande wa pili hushika mafuta. Ikishaungana hivyo si sukari ya chai tena, na kuipaka hakupandishi sukari ya damu. Jioni ile alimpaka mtoto mwenyewe, akilalamika tu kwamba krimu haina harufu.

Binafsi naipendelea kwa sababu najua kilichomo kwenye makopo mengine. Ile aqueous cream ya bei nafuu, iliyojaa kwenye kabati zetu, kwa kawaida huwa na sodiamu laurili salfeti, kemikali ya kutoa povu kwenye sabuni. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba ikiachwa kwenye ngozi inaweza kuiwasha, hasa kwa watoto wenye pumu ya ngozi. Emalsifaya za sukari hazina chaji ya umeme kama hiyo, ndiyo maana huwa pole zaidi.

Pole, ila si kwa kila mtu. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitaja jamii nzima ya glukosidi hizi kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Krimu mpya ipake kidogo upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, kwa wiki moja. Pakiwa pekundu au pakiwasha, acha, mwone GP, na uende na kopo lenyewe. Picha ya mbele haimsaidii, majina yote yako nyuma.