Siku Moja Pangani na Maziwe

Kijana mmoja mwanachuo, aliyekuwa akichunguza tenzi za kale za mwambao, alimwomba mjomba wake ampeleke Pangani. Alikuwa ameusoma Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy mara nyingi, lakini mji wenyewe ambako vita vile vilianzia alikuwa hajautia machoni. Mjomba, aliyezaliwa Pangani na kuishi Tanga tangu ujana wake, alikuwa amepita miaka sabini. Alikubali kwa sharti moja.

"Nitakuonyesha mawe yako," alisema, "lakini ukisha kuyaona utanifuata Maziwe. Siku nyingi sijakanyaga kule."

Walichagua siku ya maji ya bamvua, maana Maziwe haizuriwi kila saa. Basi liliwatoa Tanga alfajiri, likawatua Pangani jua lingali changa. Mji ulikuwa kimya. Mto, ambao huanza safari yake katika maji ya Kilimanjaro na Meru, ulipita mbele ya nyumba kuukuu kwa uzito wa kitu kilichotoka mbali, rangi yake ya udongo, na ng'ambo yake kijiji cha Bweni kilikuwa kikianza kutoa moshi.

Kijana alianza kazi yake bila kupumzika. Alizunguka Boma, akapapasa nakshi za milango, akatazama kuta zilizokuwa nene kama za ngome. Masimulizi ya mji husema kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili nyumba isimame imara. Atakayesadiki na asadiki, na atakayekataa na akatae. Lakini mji uliouza watu haukukosa sababu ya kusimulia hadithi kama ile.

Alilolitaka hasa lilikuwa jambo jingine. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba ulioipa kampuni ya Wadachi utawala wa mwambao kwa jina lake. Mwezi wa Agosti mwaka ule wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alifika Pangani na kutaka bendera ya kampuni ipepee, na kwa kiburi chake aliudhi mji mzima, mabwana na watumwa, Waarabu na Waswahili. Watu walisimama, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao. Serikali ya Udachi ilimleta Hermann Wissmann na askari wa kukodi, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa papa hapa Pangani. Zelewski naye hakudumu: Wahehe walimuua Lugalo mwaka 1891.

Kijana aliuliza Abushiri alinyongewa wapi. Mwuza kahawa alimwonyesha upande wa mto, mzee aliyekuwa akitoka msikitini alimwonyesha upande wa pwani, mwanamke mmoja mwenye sinia la maandazi alicheka kwa upole na kusema, "Mwanangu, mimi hapa nauza vitumbua na maandazi, kunyongwa sikujui." Kijana aliandika majibu yote matatu katika daftari. Uso wake ulionyesha kwamba hakuridhika.

"Twende," alisema mjomba. "Maji yatatuacha."

Nahodha alikuwa mtu wa makamo. Alimwamkia mjomba shikamoo, akamshika mkono kumpandisha chomboni. Walipokuwa wakivuka mlango wa mto alieleza kwamba maji ya chumvi sasa hupanda mtoni mbali kuliko zamani, kwa kuwa maji matamu yatokayo bara yamepungua. Kisha rangi ya udongo ilikatika, bahari ikawa samawati, na baada ya mwendo mrefu nahodha akanyosha kidole. Mbele hapakuwa na kitu ila mstari mweupe, mwembamba kama uzi.

"Ndiyo Maziwe?" aliuliza kijana.

Mjomba hakujibu. Alivua viatu, akashuka, akatembea peke yake juu ya mchanga. Hapakuwa na mti, wala jani, wala kivuli cha kumtosha kuku. Membe waliruka mbele yake na kutua nyuma yake. Alisimama mahali, akageuka, akapima kwa macho mpaka ufuko wa bara, akasogea hatua kadhaa, akasimama tena.

"Hapa palikuwa na dago," alisema kijana alipomfikia. "Baba yangu na wenzake walilala hapa wakati wa uvuvi. Mivinje ilikuwa mirefu, na upepo ukipita ndani yake usiku, mtoto hapati usingizi. Kasa walipanda kutaga, ukiwasikia wanavyofukua."

Kisiwa kile kilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mivinje yake yote ilikuwa imekwisha kwenda na maji. Wajuzi hutaja mawimbi, na hutaja ukataji wa miti, iliyokuwa ikiushika mchanga kwa mizizi yake.

"Mawimbi ni makali," alisema kijana, kama mtu anayetaka kufariji.

"Mawimbi yalikuwa makali tangu babu zangu. Mimi nilikuwa na shoka." Mzee alikaa chini. "Nilikata kuni za kukaushia samaki, nikakata na fito. Tulikuwa vijana wanne. Hatukukata mti mmoja tukaona kisiwa kimepungua, tungaliona tungaliacha. Watatu wamekufa. Wewe unatafuta aliyemnyonga Abushiri. Nimekuleta hapa ili uandike na hili, maana hakuna mwingine wa kulisema."

Kijana alifungua daftari, akashika kalamu, akaona haya kuandika mbele ya mjomba wake. Mzee akamwambia aandike.

Nahodha alikuja kuwaambia kwamba maji yamerudi. Alieleza kwamba kasa wangali wanapanda kutaga juu ya mchanga ule ambao bamvua huufunika. Kwa hiyo watunzaji huyafukua mayai, huyachukua mpaka ufuko wa Ushongo, na kuyafukia upya, yakae kiasi cha miezi miwili mpaka yaanguliwe.

"Wanayachukua kwa ndoo?" aliuliza mjomba.

"Kwa ndoo, mzee, na mchanga kidogo. Na hayageuzwi juu chini, yakigeuzwa huharibika."

Mjomba aliuliza tena juu ya kutogeuzwa, na nahodha akaeleza tena kwa subira. Walipopanda chomboni mchanga ulikuwa umebaki kama upana wa jamvi. Mzee alikaa ameelekeza uso nyuma mpaka mstari mweupe ulipokatika vipande viwili, kisha akageuka na kumwuliza nahodha kama basi la alasiri la kwenda Tanga lingali likipita karibu na Boma.