Mlima Nkungwe na khutba niliyoirudia



Ndugu zangu, leo naandika kosa langu mwenyewe. Miezi michache nyuma, hapa Ujiji, nilipanda mimbari kuzungumzia shirki. Nikataka mfano wa karibu, nikautaja Mlima Nkungwe ulioko Mahale, kusini mwa Kigoma kando ya ziwa letu. Nikasema Watongwe wanausujudia mlima. Takbira zikaitika.

Baada ya swala mzee mmoja Mtongwe, Muislamu mwenzetu, akanishika mkono. "Mwanangu, Nkungwe umefika?" Sijafika, mzee. "Umemuuliza nani?" Nikanyamaza. Nilisikia barazani tu, nami ndiye ninayewafundisha vijana Suratul Hujuraat aya ya 6, kwamba habari ihakikishwe kwanza!

Basi nikaanza kuuliza. Nkungwe una mita 2,462, ndio mrefu kuliko yote katika safu ya Mahale. Kwa wazee wa Kitongwe ni mahali patakatifu, pana mizimu, mtu hapandi ovyo. Mzee akanifafanulia: waliouogopa ni mzimu, jiwe hawakulisujudia. Mwaka 1985 Mahale ikatangazwa hifadhi ya taifa, na watu walishahamishwa kwenye vijiji vyao. "Makaburi ya babu zetu yamebaki humo," akasema, kisha akanyamaza kitambo.

Lililonichoma zaidi ni hili. Wajapani wako Mahale tangu 1965 wakichunguza sokwe mtu, na baadhi ya watafiti wao walikaa na Watongwe wakaandika kilimo chao na uganga wao. Mtu katoka Japani kuja kuuliza! Mimi niko ziwa hilohilo, nanunua dagaa kwa watu walewale, sikuuliza.

Hukumu haikubadilika. Kuomba mizimu ni shirki, na mzee mwenyewe aliyaacha hayo tangu ujana wake. Lakini kumsingizia mtu ambalo halifanyi ni dhuluma, awe Muislamu asiwe. Na kuupenda mlima hakuna ubaya. Mtume ﷺ aliupenda Uhud na alilisema hilo wazi.

Ijumaa iliyopita nilirudi kwenye mimbari ileile, nikasema nilikosea na wapi nilikosea. Safari hii hakuna takbira. Mzee alikuwa safu ya kwanza, kainamisha kichwa. Tulipotoka akaniambia, "Sasa twende nikakuonyeshe, hata kwa mbali, ukiwa kwenye boti."

Tunangoja upepo utulie.